Kazi za Nyumbani: Ordinatere ya Zamani Inapokataa Kuwaka

 Katika ukurasa huu tumekwisha kusema juu ya kisima, juu ya paa lenye kuvuja, na juu ya mashine ya kushona. Mwezi huu tutasema juu ya ordinatere, kwa maana barua nyingi zinauliza jambo moja. Mama mmoja ameandika hivi: "Pasta, ordinatere yetu ya ku sekretaria haina tena kuwaka. Jana ilikuwa inatumika muzuri. Leo asubui minafinya butoni, hakuna kitu. Ule mutu wa kutengeneza anasema karte mere imekufa, tulipe ingine. Tufanye je?"

Tunajua ordinatere ambazo mama anasema. Ni zile kubwa za kusimama juu ya meza, sanduku la chuma pembeni, ekrani mbele, wakati mwingine ekrani yenye kitumbo kama televizio ya zamani. Nyingi zilikwisha kutumika Ulaya mbele ya kufika kwetu. Watu wa huko wanaziita takataka. Kwetu zinalisha nyumba. Mjane anaandika barua za watu na kufanya fotokopi, na kwa hiyo franka analipa masomo ya watoto. Mwanafunzi ameweka ndani memware yake, kazi ya miaka, na siku ya kuitetea iko karibu. Kanisa limeandika ndani majina ya waliobatizwa na waliooana. Kwa hiyo siku mashine inakataa kuwaka, si chuma tu kimenyamaza. Sufuria nayo inaweza kunyamaza.

MASHINE HAILOGWI

Mbele ya kushika turnevisi, acha niseme neno moja zito.

Mwaka uliopita, katika nyumba moja ya hapa kwetu, mvua kubwa ilinyesha usiku pamoja na radi. Umeme ulikatika, kiisha ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi ordinatere ya mama mwenye nyumba ilikuwa kimya. Katika nyumba ile kulikuwa mtoto wa miaka 11, mtoto wa dada yake aliyekufa, na ndiye alikuwa anafagia kile chumba kila asubuhi. Jirani mmoja akaja, akaangalia, akasema: "Uyu mutoto eko na kitu. Tangu afike apa, bintu binakufa." Neno lile likakaa. Siku mbili yule mtoto hakula pamoja na wengine. Siku ya tatu walikuwa wanatafuta mtu wa kumfungia katika maombi ili aungame bulozi.

Walipokuja kuniita, niliomba turnevisi mbele ya maombi. Nilikwenda na kijana mmoja anayejua ile kazi. Alichomoa kable, akafungua sanduku, na harufu ya kuungua ikatoka wazi wazi. Alimentasio, maana yake kile kisanduku cha ndani chenye kupokea umeme, ilikuwa imeungua. Tuliazima ingine kutoka mashine nzee iliyokuwa imelala kwa jirani, tukaifunga, na mbele ya saa sita ordinatere ikawaka. Kazi zote za mama zilikuwa ndani, hakuna hata barua moja iliyopotea. Nikawaambia watu wa ile nyumba: mwizi mmekwisha kumuona, ni umeme uliorudi kwa fujo. Mtoto hana kosa. Usiku ule alikula kwenye meza.

Wandugu, sheria ya inchi yetu nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mulozi, na ina adhabu ya kifungo. Lakini hata bila sheria, tuwe na akili hii: mashine ina sababu zake, na sababu zile zinaonekana kwa macho, zinasikiwa kwa masikio, zinanuswa kwa pua. Anayejua kuzitafuta hatamtesa mtoto wa mtu.

ULIZA KWANZA, FUNGUA NYUMA

Muganga mwenye akili hamchomi mgonjwa shindano mbele ya kumuuliza. Na weye vile vile. Kaa chini, uliza watu wa nyumba: Mara ya mwisho iliwaka lini? Tangu pale kumetokea nini? Radi ilipiga? Umeme ulikatika na kurudi? Mtu aliihamisha meza? Mtu aliingiza diskete au kifunguo cha USB, akakisahau? Ilikuwa inazimika yenyewe siku zilizopita? Mara nyingi jibu linapatikana hapo hapo, na hakuna hata kizibo kimoja umefungua.

Kiisha angalia aina ya ugonjwa. "Haiwake" ni neno moja, lakini magonjwa ni matatu.

La kwanza: ukifinya butoni, hakuna taa, hakuna ventilatere yenye kuzunguka, hakuna sauti. Mashine ni maiti.

La pili: taa inawaka, ventilatere inazunguka, lakini ekrani inabaki nyeusi.

La tatu: ekrani inaonyesha maandishi, kiisha inasimama, haifiki kwenye kazi zako.

Kila ugonjwa una njia yake. Ukichanganya njia, utanunua vitu visivyohitajika, na utajiri wa mtengenezaji utatoka katika mfuko wako.

UGONJWA WA KWANZA: MAITI

Fwata umeme kutoka ukuta mpaka mashine, hatua kwa hatua, usiruke hata moja.

Chomeka taa ya meza au radio katika ile priza. Ikiwaka, priza ni nzima. Isipowaka, acha ordinatere, tengeneza priza. Kiisha jaribu ralonji kwa namna ile ile. Kiisha regulatere, kama uko nayo. Nimeona mara nyingi ordinatere ikitukanwa bure, na fizibo ndogo ya ralonji ndiyo ilikuwa imekatika. Tena angalia kable nyeusi yenye kuingia nyuma ya mashine. Mara nyingi ile kable inafanana na ya ekrani. Basi badilisha: kable ya ekrani itie kwenye mashine. Ikiwaka, umepata ugonjwa kwa bei ya kable.

Sasa angalia nyuma ya sanduku, karibu na pale kable inaingia. Mashine nyingi ziko na enteruptere ndogo pale, yenye alama ya mstari na alama ya duara. Mstari maana yake wazi, duara maana yake imefungwa. Mtoto akifagia, fagio inaweza kuigusa. Hilo si bulozi, ni fagio.

Karibu na ile, kwenye alimentasio nyingi za zamani, kuna kitu kingine kidogo, mara nyingi chekundu, chenye kuandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Hapa Kongo umeme wetu ni wa volti 220, kwa hiyo namba yenye kuonekana lazima iwe 230. Marekani wanatumia karibu volti 120, na mashine iliyotoka kule inaweza kufika imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwetu, utasikia mlio kama risasi na moshi utatoka. Kwa hiyo ukinunua mashine iliyotumika, angalia ile namba mbele ya kuchomeka, hata kama muuzaji anaapa.

Kama vyote hivi ni vizima na mashine ni kimya, fanya jambo hili rahisi. Chomoa kable ya ukuta. Finya butoni ya mbele na kuishika hesabu ya 30. Acha mashine ipumzike dakika kumi. Chomeka tena, jaribu. Alimentasio nyingi zinajifunga zenyewe umeme ukirudi kwa nguvu, kusudi zisiungue, na zinaamka tu kama umeme wote umetoka ndani.

Isipoamka, ugonjwa uko ndani, na mara nyingi ni alimentasio yenyewe, au butoni ya mbele iliyokufa. Hapa mufahamu jambo moja. Mashine zilizofwata mpango wenye kuitwa ATX, ulioanza mwaka 1995, butoni yao ya mbele haikati umeme. Inatuma habari tu kwa karte mere, ubao mkubwa wa ndani, nayo karte mere inaambia alimentasio: amka. Ndiyo sababu mashine ya namna hii, hata ikiwa imezimwa, iko na umeme kidogo ndani kama kable ingali kwenye priza. Mashine za mbele ya pale ni tofauti: butoni yao inashika volti 220 kabisa. Kwa yote mawili, sheria ni moja: usifungue sanduku mbele ya kuchomoa kable ya ukuta. Kuzima hakutoshi. Chomoa.

Tena sheria ya pili, na kwa hii siwezi kupunguza neno. Kile kisanduku cha alimentasio usikifungue weye mwenyewe. Ndani yake mna kondansatere, vikopo vidogo vyenye kuhifadhi umeme wa zaidi ya volti 300, na vinaweza kuushika hata kama kable imechomolewa. Kinabadilishwa kizima, hakifunguliwi mezani kati ya watoto. Na ekrani yenye kitumbo ni hatari zaidi, kwa sababu ndani yake umeme unafika volti maelfu. Usiifungue hata siku moja.

Ukitaka kujua kama alimentasio imekufa, njia ya nyumbani ni kuazima nzima, ya aina ile ile, na kuifunga kwa muda. Mashine ikiwaka, umejua. Kipimo chenye kuitwa multimetre kinafaa pia, lakini mkononi mwa mtu aliyejifunza.

UGONJWA WA PILI: VENTILATERE INAZUNGUKA, EKRANI NI GIZA

Hapa watu wengi wanasema "karte mere imekufa." Usikubali upesi.

Anza na ekrani. Ekrani iko na umeme wake na butoni yake. Taa yake ndogo inawaka? Kable yake, ile yenye meno 15 na vizibo viwili pembeni, imekaa imara nyuma ya mashine? Ichomoe, angalia kama jino moja limepinda, irudishe. Kama mashine yako iko na nafasi mbili za kuchomeka ekrani, moja juu karibu na vya klavie, na ingine chini katika karte ya kuongezwa, jaribu zote mbili.

Kiisha sikiliza. Ordinatere ikiamka inajipima yenyewe kwanza, na ikiona kasoro inalia "pii" kupitia kasauti kadogo ndani. Hesabu zile sauti: ngapi fupi, ngapi ndefu. Kila kiwanda kiko na lugha yake, lakini kwenye mashine nyingi zenye biosi ya Award, sauti moja ndefu na mbili fupi zinasema karte ya ekrani ina shida, na sauti ndefu zenye kurudia bila kuacha zinasema memwari ina shida. Andika hesabu yako kwenye karatasi. Ukimpelekea mtengenezaji karatasi ile, atajua kwamba anasema na mtu mwenye macho.

Sasa chomoa kable ya ukuta, fungua ubavu wa sanduku. Kwetu sisi utakutana na adui wa kwanza: vumbi. Tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi, udongo mwekundu unapanda na kila gari, unaingia kwa madirisha, na ventilatere ya mashine inauvuta kama pua. Pamoja nao masizi ya makala. Utakuta pia mende, nyumba ya buibui, wakati mwingine mjusi aliyekufa juu ya ubao. Twaa burashi ya rangi, mpya na kavu, fagia polepole. Usitumie kitambaa chenye maji. Usipulize kwa kinywa, maana mate ni maji. Kamata ventilatere kwa kidole ili isizunguke wakati wa kusafisha.

Mbele ya kugusa karte yoyote, gusa chuma tupu cha sanduku kwa mkono. Wakati wa baridi na kavu, mwili wetu unabeba umeme mdogo ambao hatuusikii, lakini unaweza kuua memwari.

Memwari ni zile bareti ndefu nyembamba, zimesimama karibu na katikati ya ubao, na kila mwisho kuna kizuizi kidogo. Fungua vizuizi, vuta bareti wima. Utaona meno yake, rangi ya zahabu au ya bati. Yasugue polepole kwa gomu ya kufutia kalamu ya risasi, ile ya masomo, kiisha fagia vipande vya gomu. Rudisha bareti mpaka vizuizi vijifunge na kusema "tak". Kama ziko mbili, jaribu na moja, kiisha na ingine. Mimi nasema kwenu: hii kazi ya gomu imefufua mashine nyingi kuliko kazi ingine yoyote ninayoijua, na bei yake ni bei ya gomu.

Fanya vile vile kwa karte ya ekrani kama iko ya kuchomeka. Karte zingine zisizo za lazima, kama ya telefone ya zamani au ya sauti, ziondoe kwa muda. Mashine ikiwaka bila zile, zirudishe moja moja, kila mara ukijaribu. Ile yenye kuirudisha gizani, ndiyo mwenye kosa. Kumbuka kila mara kuchomoa kable ya ukuta mbele ya kutoa au kutia kitu.

Kiisha tafuta kitu cha duara, king'aavyo kama feza, kinachoandikwa CR2032. Ni pili ndogo ya volti 3, yenye kukumbusha mashine saa na tarehe na vitu vilivyomo ndani yake. Ikiisha, mashine nyingi zinawaka na kusahau tarehe tu. Lakini zingine, za zamani, zinachanganyikiwa kabisa. Kuibadilisha ni rahisi. Upande wenye alama ya kuongeza unaangalia juu.

Mwisho, angalia zile kondansatere za ubao, vikopo vidogo vyenye kusimama. Kichwa chake kinapaswa kuwa tambarare kama ngoma. Ukiona kimevimba, au kimetoa uchafu wa rangi ya kahawa, hapo ugonjwa ni wa kweli. Mashine nyingi zilizotengenezwa karibu na miaka 1999 mpaka 2007 zilitoka na kondansatere mbaya, dunia nzima ililalamika, hata viwanda vikubwa vilipata hasara. Fundi mwenye kushika vizuri chuma cha kuunganisha anaweza kuzibadilisha. Hapo, na hapo tu, neno "karte mere imegonjwa" lina ushuhuda.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu: mashine inawaka vizuri, kiisha dakika tano inazimika yenyewe. Mara nyingi ni joto. Ventilatere iliyo juu ya prosesere, akili ya mashine, imezibwa na vumbi au haizunguki tena. Isafishe. Ukiendelea kuilazimisha, itaungua.

UGONJWA WA TATU: INAANZA, KIISHA INASIMAMA

Hapa kwanza toa kila kitu kilichochomekwa: diskete, sidi, kifunguo cha USB. Mashine nyingi zinatafuta njia ya kuamka kwanza katika vitu hivi. Zikikuta diskete isiyo na njia, zinaandika kwamba hii si diski ya sistema, zinasimama. Mashine nzima, mtu analia, na kumbe ni diskete ya somo ya mtoto imesahauliwa ndani.

Ikisema klavie haionekani, angalia kama klavie imechomoka, au kama kitabu kimelala juu yake na kufinya kidonda kimoja. Ikisema tarehe ni mbaya, au mwaka umerudi nyuma sana, ni ile pili.

Ikiandika kwamba NTLDR haipatikani, au haioni diski yoyote, zima, chomoa, fungua, na angalia kable za diski ngumu. Kuna ya umeme na kuna ya habari. Zichomoe na kuzirudisha kwa nguvu ya kadiri.

Sasa sikilizeni vizuri, zaidi sana ninyi vijana wa universite. Weka sikio karibu na diski. Ikilia "tak, tak, tak" kama mtu anayebisha mlango, zima mara moja. Ile ni sauti ya diski inayokufa. Kila mara unapoiwasha tena, unaongeza vidonda juu ya kazi yako. Usikubali mtu aseme "tuformate kwanza, tuone." Kuformate ni kufuta njia zote za kufikia kazi yako. Mpeleke mtu anayejua aifunge kama diski ya pili katika ordinatere nzima, na kwanza aokoe memware, kiisha mutaona habari ya mashine.

Mashine inaweza kununuliwa tena. Kazi ya miaka mitatu hainunuliwi ku soko. Na fahamuni hili: katika ugonjwa wa kwanza na wa pili, mara nyingi diski ni nzima kabisa. Mashine imekufa, lakini barua zako ziko hai ndani. Usikate tamaa, na usimwachie mtu diski yako kwa sababu mashine ni nzee.

UKIENDA KWA MTENGENEZAJI

Si watengenezaji wote ni wezi. Wako vijana wengi mu mji wetu wenye akili na mikono safi, waliojifunza kwa taabu. Lakini mtu asiyejua kitu anamjaribu hata mtu mwema. Kwa hiyo: Mwambie ulichokwisha kujaribu, na mpe karatasi ya sauti ulizohesabu. Muulize bei ya kuangalia, na bei ya kutengeneza, mbali mbali, mbele ya kazi. Andika namba za diski yako na za bareti zako, mbele ya kuziacha, kusudi zisigeuke ndogo njiani. Akibadilisha kitu, omba kile cha zamani kirudi mkononi mwako. Akisema karte mere imekufa, muombe akuonyeshe alivyojua. Fundi wa kweli hachukii swali hili. Anafurahi nalo.

KUZUIA NI BORA

Umeme wetu unatoka mbali. Kuna wa Mwadingusha, wenye kutumika tangu 1930, na wa Nzilo na Nseke karibu na Kolwezi. Tena tangu mwaka 1982 kuna laini ya kutoka Inga, yenye urefu wa karibu kilometa 1,700. Katika njia ndefu namna hii, na watu wote wakiwasha resho saa moja ya jioni, umeme unashuka na kupanda. Delestaji tumeizoea kama msimu. Basi tuishi kwa akili.

Umeme ukikatika, chomoa ordinatere. Ukirudi, ngoja dakika kumi, angalia taa za nyumba kama zimetulia, kiisha chomeka. Radi ikisikika hata mbali, chomoa, na telefone ya waya pia. Regulatere inasaidia umeme wenye kupanda na kushuka, lakini haizuii radi, na haikupi dakika za kufunga kazi yako. Ondulere inakupa dakika zile. Kama kanisa au sekretaria wanaweza kununua kimoja tu, wanunue ondulere. Na mwite mtu wa umeme aangalie kama waya wa kwenda chini ya udongo upo kweli. Katika nyumba nyingi priza ina nafasi yake, lakini nyuma hakuna waya.

Funika mashine kwa kitambaa usiku, lakini kitoe mbele ya kuwasha, isikose pumzi. Iinue toka chini, kwenye meza. Isafishe mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tano mvua ikiisha, na mwezi wa kumi mbele ya mvua kuanza.

Na kazi zako, weka nafasi mbili zaidi ya diski: kimoja kifunguo cha USB katika nyumba, na kingine kwa ndugu mwaminifu katika nyumba ingine. Buku la ubatizo na la ndoa libaki pia kwenye karatasi. Wino unaweza kungoja miaka mia bila umeme.

IKIWA IMEKUFA KABISA

Kuna saa ya kukubali. Lakini hata hapo, kumbukeni kwamba Windows XP iliacha kupata msaada wa Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye hizi bado inaandika barua vizuri sana, lakini usifanye nayo mambo ya benki wala ya siri katika intaneti.

Mashine iliyokufa usiitupe mu mto Naviundu, wala usiwaachie watoto wachome kable zake ili wauze shaba. Najua sisi watu wa Katanga tukiona shaba tunajua bei yake. Lakini moshi wa plastiki ile ni sumu, na bati la kuunganisha la zamani lina risasi, yenye kuharibu akili ya mtoto mdogo. Mpe fundi. Alimentasio yake, ventilatere yake, bareti yake, vinaweza kuamsha mashine ya mtu mwingine, kama ilivyofanyika katika ile nyumba niliyowaambia.

Yule mama aliyeandika barua, naye ninamjibu hivi: Mama, usilipe karte mere bado. Anza na priza, kiisha kable, kiisha ile namba ya nyuma, kiisha alimentasio ya kuazima. Fwata njia, usiruke. Na kama mtu wa nyumba anaanza kutafuta mulozi, mpe turnevisi na burashi, mwambie atafute vumbi kwanza.

Mwezi kesho tutasema juu ya pano za jua na betri zake, kwa maana barua zake zimekwisha kujaa katika mfuko. Mubaki na amani.